Jinsi ya Kuandaa Hojaji ya Hamu ya Tendo la Ndoa kwa Watu wa Endebess

Hojaji maarufu ya hamu ya tendo la ndoa, ile inayojulikana kwa herufi SDI, ina swali linalomtaka mtu aseme hamu yake huwa kali kiasi gani anapokuwa katika hali ya mahaba, kwa mfano akila chakula cha jioni kwa mwanga wa mshumaa au akitembea ufuoni. Ilitungwa na Ilana Spector, Michael Carey na Lynne Steinberg, ikachapishwa mwaka 1996, na watafiti wa nchi nyingi wameitumia tangu hapo. Ligeuze swali hilo Kiswahili, umsomee mama aliyetoka kupalilia mahindi Chepchoina, huko Endebess, magharibi mwa Kenya. Kila neno atalielewa. Ila mshumaa kwake ni kitu cha kuwashwa stima ikipotea, na ufuo wa kutembea uko mbali, kule Ziwa Victoria. Atakujibu tu kwa heshima, kwa kuwa umemuuliza. Utaandika namba, na namba hiyo haitakuwa imepima hamu yake hata kidogo.

Makala haya ni ya nesi, afisa wa kliniki, mwanafunzi wa saikolojia au mtafiti yeyote anayetaka kuifanya kazi hii vizuri katika wadi za Endebess, Chepchoina na Matumbei, au popote kati ya Kitale na Bungoma. Kazi yenyewe inahitajika sana. Wako wanawake wanaochomwa sindano ya kupanga uzazi wanaolalamika kwamba hamu imeisha. Wako wanaume wenye kisukari au presha wanaoona mwili hauitiki na hawajui waanzie wapi kueleza. Wako mama waliojifungua majuzi, watu wanaotumia dawa za msongo wa mawazo, watu wanaoishi na VVU. Malalamiko hayo yakifika kwa daktari bila kipimo chochote, mara nyingi mgonjwa huambiwa ni mawazo tu, arudi nyumbani apumzike. Mama huiacha sindano kimyakimya, na mimba asiyoitaka humkuta hapo.

Amua kwanza namba itafanya kazi gani

Kama unachotaka ni kumpa nesi njia ya kuanzisha mazungumzo kliniki, usijitwike hojaji ndefu. Maswali mawili yanatosha: hamu humjia mara ngapi, na ikija huwa na nguvu kiasi gani. Hivyo ndivyo inavyofanya hojaji nyingine inayotumika sana kwa wanawake, FSFI, iliyochapishwa na Raymond Rosen na wenzake mwaka 2000. Ina maswali 19 kuhusu wiki nne zilizopita, lakini ya hamu ni mawili tu, kila moja likiwa na alama 1 hadi 5. Yanayobaki yanahusu msisimko, majimaji, kilele, kuridhika na maumivu.

Hapo pana mtego ambao ni vizuri uujue mapema. Katika sehemu kadhaa za FSFI, mwanamke ambaye hakufanya tendo lolote la kijinsia katika wiki nne hizo hupewa sifuri. Ukijumlisha alama zote, mjane mwenye afya njema, au mke ambaye mumewe anafanya kazi Nairobi na hurudi Desemba, ataonekana mgonjwa kuliko mwenye maumivu makali anayelala na mumewe kila wiki. Maswali mawili ya hamu hayana sifuri hiyo. Kwa hiyo, ukiamua kutumia FSFI Endebess, soma sehemu ya hamu peke yake kabla ya kushika jumla, na jumla uihesabu kwa wale tu waliokutana na wenzi wao katika muda huo.

SDI yenye maswali 14 ni ya kazi nzito zaidi, kama vile kulinganisha kundi na kundi, au kufuata watu kabla na baada ya matibabu. Inatenganisha hamu ya kuwa na mtu mwingine na hamu ya mtu kujitosheleza peke yake. Vyovyote utakavyochagua, waandikie wenye hojaji uwaombe ruhusa kabla hujagusa swali hata moja. Barua ni fupi, na baadaye hakuna mhariri wa jarida atakayekurudishia kazi yako kwa sababu hiyo.

Lugha ipi, na ya nani

Wazungumzaji wa Kireno wametutangulia katika jambo hili. FSFI imeandaliwa kwa Kireno cha Brazil na ikaandaliwa tena kwa Kireno cha Ureno, ingawa watu wa nchi hizo mbili husomeana magazeti bila mkalimani. Namna watu wa Lisboa wanavyoyataja mambo ya chumbani inaweza kumkwaza au kumpotosha mtu wa São Paulo, na mtu wa Maputo, ambaye Kireno kwake mara nyingi ni lugha ya pili, anahitaji kusikilizwa upya kabisa. Nasi tufanye vivyo hivyo. Hojaji iliyoandaliwa kwa Kiswahili cha Dar es Salaam au cha Mombasa ni mwanzo mzuri, basi. Haijawa hojaji ya Endebess.

Endebess yenyewe ina Wasabaot, Wabukusu, Waturkana, Wakikuyu na wengine waliofuata mashamba makubwa ya walowezi, ambayo baadhi yake baadaye yalikuja kuwa ya shirika la serikali la ADC. Kisabaot ni ndugu wa Kinandi na Kipokot. Kibukusu ni cha Kibantu. Hakuna anayekisikia cha mwenzake bila kujifunza. Kiswahili huwaunganisha sokoni, hospitalini na barazani kwa chifu. Ila mambo ya mume na mke hayazungumzwi sokoni. Mtu anaweza kukielewa Kiswahili cha bei, cha dawa na cha mkutano, asiwe na Kiswahili chochote cha hamu yake mwenyewe isipokuwa matusi aliyoyasikia stendi ya matatu na maneno ya mhubiri. Kwa mama mzee wa huko Mlima Elgon, Kisabaot ndicho kitakachomfungua mdomo. Andaa Kiswahili kwanza, kisha Kisabaot na Kibukusu, kila kimoja kikiwa kimeandikwa na kupigwa chapa.

Nasisitiza kupigwa chapa. Mazoea mabaya kuliko yote katika utafiti wa vijijini ni kubeba karatasi ya Kiswahili au ya Kiingereza na kumwachia karani aitafsiri papo hapo mbele ya mgonjwa. Makarani sita watakuletea hojaji sita tofauti, na hutajua kamwe tofauti ya alama imetoka kwa wagonjwa au kwa makarani.

Sikiliza kabla ya kutafsiri

Kaa na vikundi vidogo, wanawake mbali na wanaume, vijana mbali na wazee. Usiwasomee hojaji. Waulize watu wa kwao huzungumza vipi mtu anapokuwa na hamu, na ikimpotea husemaje. Nini huileta na nini huiua. Ni lini mwanamke anaweza kusema anataka, na ni lini kusema hivyo kungemletea shida. Andika maneno yenyewe kama yalivyotamkwa, kwa lugha yaliyotamkwa.

Zimbabwe walikwenda mbali zaidi kwa njia hii. Vikram Patel na wenzake, badala ya kutafsiri hojaji ya Ulaya ya afya ya akili, walitunga yao kwa Kishona mwaka 1997 kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe, yakiwemo ya kufikiri kupita kiasi. Ikawa na maswali 14, na ndiyo inayotumiwa na kina bibi wanaotoa ushauri katika mpango wa Friendship Bench hadi leo. Kwa hamu ya tendo la ndoa sidhani ni lazima tutunge upya, kwa sababu tunataka pia kulinganisha na kwingine. Lakini hatua ile ya kusikiliza kwanza ichukueni nzima.

Vikundi hivyo ndivyo vitakavyokupa mbadala wa mshumaa na ufuo. Uliza swali linatafuta nini: hali ambayo kwa kawaida huamsha hamu ya watu wa mahali hapa. Pengine watakutajia mume aliyerudi baada ya kukaa mbali, watoto wakiwa wameenda kwa nyanya yao, mvua ya usiku juu ya mabati, mahindi yakiwa yameuzwa na deni limelipwa. Usichague wewe ukiwa mezani Kitale. Chukua mfano unaotajwa na wanaume na wanawake pia, na usiomhitaji mtu awe na fedha ili uwe wa kweli kwake.

Baada ya hapo tafuta watafsiri wawili wanaofanya kazi bila kuonana. Mmoja awe mtu wa afya anayejua hojaji inapima nini. Wa pili asiwe mtu wa afya wala asiambiwe mengi; mwalimu wa shule ya msingi anafaa sana, maana atakuandikia lugha inayotamkika. Jihadhari na watafsiri waliozoea kutafsiri mahubiri. Wana ujuzi mkubwa wa lugha, lakini kalamu yao huikimbia hamu na kukimbilia upendo wa ndoa, na swali likishageuka kuwa la upendo halitapima tena ulichokitaka. Kisha waketishe watafsiri wote wawili pamoja na nesi, mtu wa saikolojia na mwanakijiji mmoja wa kila lugha, mpitie swali kwa swali na kuandika kwa nini kila neno limechaguliwa.

Kaa na watu uwaulize wamesikia nini

Kama una fedha kidogo na muda mfupi, weka vyote hapa. Wengi huviweka kwenye tafsiri ya kurudi, njia iliyopata umaarufu kutokana na maandishi ya Richard Brislin ya mwaka 1970, ambapo mtu wa tatu huirudisha tafsiri kwenye lugha ya mwanzo na watafiti hulinganisha. Ifanye, kwani hukamata kosa la kuruka neno au kugeuza kanusho. Lakini swali la mshumaa lingepita mtihani huo bila doa: mshumaa ungerudi mshumaa na ufuo ungerudi ufuo. Tafsiri ya kurudi huangalia maneno kwenye karatasi, na kosa letu liko kichwani mwa anayeulizwa.

Kwa hiyo mkalishe mtu mmoja mmoja, umsomee swali, akujibu, halafu umwulize alivyolisikia. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi, muulizaji akiwa msichana na anayeulizwa mama wa makamo:

"Mama, nimekuuliza katika mwezi huu uliopita hamu ilikujia mara ngapi. Nieleze kwa maneno yako, hapo nimekuuliza nini?"

"Umeuliza kama nampenda bwanangu."

"Na hamu, umeielewa ni nini?"

"Si ni ile kumkubali akitaka? Mimi sijawahi kumkataa."

Hapo ndipo utaona thamani ya kazi hii. Mama huyo alikuwa amejibu alama ya juu kabisa. Alikuwa akiripoti utiifu wake, akauripoti kwa ukweli wote, na wewe ungeuandika kuwa hamu. Swali linahitaji kumtenganisha yeye na mumewe: zimekuwepo siku ambazo mwili wako wewe mwenyewe ulitaka, hata kabla yeye hajaanzisha? Ni refu kuliko la Kiingereza, na litafika.

Tatizo la pili utakaloliona mapema ni "ungependa". SDI huuliza mtu angependa kufanya tendo mara ngapi, na watu wengi hujibu walifanya mara ngapi, kwa sababu swali la kilichotokea ni rahisi kulishika. Ligawe mara mbili. Uliza kwanza yalitokea mara ngapi, andika kando, wala usiyahesabu. Kisha uliza: na kama ingekuwa ni kutaka kwako tu, bila kazi, bila watoto, bila yeye kuamua, ungetaka mara ngapi? Jibu la kwanza likishatolewa, la pili hupata nafasi.

Tatu, lipo swali linalomtaka mtu alinganishe hamu yake na ya watu wengine wa rika na jinsia yake. Mtu aliyekulia mahali ambapo mambo haya hayasemwi hana pa kulinganishia. Akisema "ya wenzangu nitaijulia wapi?" amekujibu kwa akili. Mimi ningelibakiza swali hilo hadi majaribio yaonyeshe kama linabeba chochote, na lisipobeba kitu ningeliondoa bila huruma na kuandika kwamba nimeliondoa. Ila usiondoe swali kwa sababu wewe unaona aibu. La hamu ya kujitosheleza mwenyewe ndilo watafsiri hutaka kulifuta kikaoni, wakisema watu wetu hawafanyi hayo. Lijaribuni kwa faragha kwanza, mhesabu ni wangapi wanalikwepa na ni wangapi wanajibu. Vivyo hivyo swali la hamu inayomjia mtu akimwona mtu wa kuvutia. Mke wa mtu atalisikia kama shtaka la uzinzi, basi litanguliwe na maneno ya kumtuliza kwamba hamu kuja si sawa na kutenda.

Alama nazo zinataka kazi. Maswali mengi ya SDI hupimwa kwa ngazi tisa, kutoka sifuri hadi nane, na ngazi hizo zilikusudiwa mtu anayejisomea karatasi. Ukimsomea mtu ngazi tisa kwa sauti, ataishika ya kwanza na ya mwisho. Mchoree glasi tano, ya kwanza tupu, ya mwisho imejaa hadi ukingoni, aguse kwa kidole. Faida nyingine ni kwamba kidole hakisikiki nje ya mlango. Ujue tu kwamba ukishapunguza ngazi, alama zako haziwezi kuwekwa kando ya zile za Marekani moja kwa moja. Utalinganisha nani ana zaidi na nani ana kidogo ndani ya watu wako.

"Wiki nne zilizopita" zifungie kwenye jambo linalokumbukwa: tangu shule zifunguliwe, tangu mkutano wa mwisho wa chama, tangu tarehe ya kliniki iliyopita. Na uangalie kalenda ya mahindi. Machi na Aprili watu wanapanda, Mei na Juni wanapalilia, kuanzia Oktoba wanavuna. Ukipima kundi moja wakati wa kupalilia na jingine baada ya mauzo, utakuwa umepima uchovu wa mgongo. Desemba waume waliokuwa mbali wamerudi, na alama za hamu ya kuwa na mtu mwingine zitabadilika bila dawa yoyote.

Rudia mazungumzo haya kwa awamu, watu wachache kila awamu, ukirekebisha maswali katikati, hadi awamu inayokuja isikuonyeshe kosa jipya. Kila lugha ifanyiwe yake.

Nani aulize, na wapi

Miongoni mwa Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawakai karibu wala hawatajiani mambo ya mwili, na heshima hiyo huenea hata kwa watu wanaohesabiwa kuwa wa nafasi hiyo ingawa si ndugu wa karibu. Wabukusu na Wasabaot wote wana marika ya tohara, na kijana hawezi kumuuliza mtu wa rika la baba yake kuhusu hamu bila kumvunjia heshima. Kwa hiyo kabla ya kila mahojiano, salamu za kawaida za kuulizana kwao ni wapi na koo ni ipi zitumike pia kupima kama uhusiano unaruhusu. Uhusiano usiporuhusu, mwenzako aingie. Mwanamke amuulize mwanamke, mwanamume amuulize mwanamume, na umri usipishane sana.

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji ni msaada mkubwa wa kuwaalika watu. Asiwe muulizaji katika kijiji chake. Anawajua wote, nao wanamjua mumewe.

Nyumbani kuna watoto mlangoni na majirani uani. Chumba cha kliniki chenye mlango unaofungika ni bora, na mtu awe na sababu nyingine ya kuwa hapo. Juu ya karatasi andika "Afya ya Familia", usiandike neno hamu, maana karatasi husahaulika mezani. Anza na usingizi, kazi na afya ya jumla, ingia kwenye hamu katikati, toka kwa swali jepesi. Mume akiingia ghafla, muulizaji awe na ukurasa wa maswali ya lishe wa kurukia. Hilo lifanyieni mazoezi mara nyingi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu kuna nyumba ambamo mke kuulizwa hamu yake ni sababu tosha ya kupigwa.

Vibali na usalama

Kibali cha kamati ya maadili huja kwanza. Kwa watu wa upande huu, kamati ya Chuo Kikuu cha Moi na hospitali ya rufaa ya Eldoret ni mojawapo ya zilizo karibu. Kisha leseni ya utafiti ya NACOSTI, halafu idara ya afya ya kaunti mjini Kitale, halafu hospitali yenyewe na chifu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya na za ndoa kuwa nyeti, kwa hiyo majina yakae kwenye daftari moja lililofungiwa na hojaji zibebe namba tu. Wahoji watu wazima wa miaka 18 kwenda juu.

Mlima Elgon una majeraha yake. Kati ya 2006 na 2008 mapigano ya ardhi yaliua watu, yakawaacha wajane, na wanawake walidhulumiwa kimwili. Wapo pia waliokeketwa. Swali la hamu au la maumivu linaweza kufungua jambo lililofungwa kwa miaka. Sheria ya 2011 ya kupiga marufuku ukeketaji inamfanya mkosaji hata anayejua kitendo kimetendeka na akanyamaza, na hofu hiyo itaingia chumbani pamoja na mama. Usiongeze swali la ukeketaji kwa udadisi tu. Ukilihitaji, tafuta wakili, naye pamoja na kamati ya maadili waamue mapema utafanya nini na jibu. Muulizaji ajue kusimamisha mahojiano, awe na mshauri wa kumpeleka mtu siku ileile, na namba 1195 ya msaada kwa dhuluma za kijinsia aijue kwa kichwa.

Hesabu

Majaribio ya kwanza kwa kawaida huchukua watu 30 hadi 40. Huo ndio mwongozo wa Dorcas Beaton na wenzake wa mwaka 2000. Baada ya hapo, ukitaka kujua kama maswali yanajikusanya katika makundi mawili kama yale ya SDI ya asili, tafuta watu 200 au zaidi, wasiwe wote wa kliniki moja. Kipimo cha Cronbach cha uwiano wa ndani kikifika 0.70 unaweza kuendelea. Kikipita 0.95 usishangilie, kwani huenda unauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Warudie baadhi ya watu baada ya wiki mbili, msimu ukiwa haujabadilika.

Unahitaji pia kitu cha kulinganishia. PHQ-9, hojaji ya maswali tisa ya msongo wa mawazo, ilipimwa kwa watu wazima wanaoishi na VVU magharibi mwa Kenya na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Iulize pamoja na yako. Kwa jumla wenye alama za juu za msongo wanatarajiwa kuwa na hamu ya chini. Usipouona uelekeo huo kabisa, rudi kwenye maswali kabla ya kuwalaumu watu. Tazama pia kila swali kwa lugha yake. Kama Wasabaot na Wabukusu wanalingana kwenye jumla lakini wanaachana mbali kwenye swali moja, swali hilo lina kasoro ya tafsiri hadi ithibitike vinginevyo.

Mwisho wa yote, ipe hojaji jina, mahali na mwaka juu ya ukurasa wa kwanza, na uambatishe orodha ya kila swali ulilobadilisha, kuongeza au kuondoa na sababu yake. Iachie hospitali nakala safi za lugha zote pamoja na michoro ya glasi, na ukurasa mmoja unaomweleza nesi afanye nini na alama ya chini: amwulize mgonjwa kuhusu dawa anazotumia, usingizi, maumivu, ugomvi nyumbani, kisha amwandikie rufaa au ambadilishie njia ya kupanga uzazi. Andika pia imepimwa kwa akina nani. Wasabiny walio ng'ambo ya mpaka wa Suam, upande wa Uganda, husikilizana na Wasabaot wa huku, na mtu atataka kuvuka nayo siku hiyohiyo. Avuke nayo kama rasimu, aketi na watu wa huko awaulize wamesikia nini.